Kuuza nyumba ya pili Kenya: mwongozo kamili wa ushuru wa faida ya mtaji

Ukiuza nyumba unayoishi, huenda usilipe KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hata shilingi. Ukiuza ile nyingine, unayopangisha au unayofikia sikukuu tu, utatoa asilimia 15 ya faida. Watu wengi wanalijua hilo juujuu. Wasichokijua ni kwamba faida haihesabiwi kwa kutoa bei ya kununua kwenye bei ya kuuza, basi. Inahesabiwa kwa makaratasi uliyoweka tangu siku uliponunua, na aliyetupa risiti zake atalipa zaidi ya jirani yake mwenye nyumba ya bei ileile.

Ushuru huu si mgeni. Ulisimamishwa mwaka 1985 na ukarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Kwa miaka minane watu waliuzoea kama kadogo kasichouma. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaupandisha hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kwa hivyo ushauri uliopewa na shemeji yako aliyeuza ploti 2019 umeshapitwa na wakati. Kiwango ni kimoja kwa mkazi wa Kenya na kwa anayeishi ng'ambo, na ukishalipa umemaliza: faida hiyo haitozwi tena ushuru wa mapato pamoja na mshahara wako.

Kwanza, hakikisha kweli unadaiwa

Kabla ya kutafuta mnunuzi, pitia misamaha.

Msamaha unaotajwa sana ni wa nyumba ya kuishi. Sheria inataka mwenye nyumba awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia mauzo moja kwa moja. Lisome neno mfululizo mara mbili. Ukiwa unakaa Nairobi kikazi na kuteremka Nyali, Mombasa, kila Desemba, ile ya Nyali si makazi yako, hata kama ndiyo uipendayo na ndimo yalimo makochi mazuri. Na kama uliishi humo 2012 hadi 2018 kisha ukapangisha, miaka ile sita haikusaidii leo, maana inayohesabiwa ni mitatu ya mwisho.

Watu huuliza kama wanaweza kuhamia nyumba ya pili, wakae miaka mitatu, ndipo wauze. Wanaweza, mradi wahamie kweli. Msamaha huo utahitaji kuuonyesha kwa ushahidi: bili za maji na mita ya stima kwa jina lako, barua za benki zinazofika hapo, shule ya watoto iliyo karibu. Ukiwa na mpangaji ambaye tokeni za stima ananunua yeye, na kodi inaingia kwenye simu yako kila tarehe tano, hadithi ya kwamba unaishi humo haitafika mbali.

Misamaha mingine inayoweza kukugusa ni hii:

- Ardhi inayouzwa na mtu binafsi kwa thamani isiyozidi shilingi milioni 3.
- Shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa, mji uliotangazwa rasmi au eneo lililotajwa kuwa la mjini.
- Mali inayohamishwa kati ya mume na mke, au kati ya waliotalikiana kama sehemu ya mapatano ya talaka, au kwenda kwa watoto wao.
- Mali ya marehemu inayohamishwa au kuuzwa ili kugawa mirathi, ikiwa shughuli imekamilika ndani ya miaka miwili baada ya kifo, au muda zaidi ambao Kamishna wa KRA ameuruhusu kwa maandishi.

Huo wa mirathi unawapotea watu wengi. Familia inazozana miaka minne kuhusu nyumba ya mzee, inapatana, inauza, ndipo inagundua kwamba miaka miwili ilishapita na hakuna aliyewahi kuandika barua ya kuomba muda. Mkiona ugawaji wa mirathi unasuasua, andikeni hiyo barua mapema.

Kuna ujanja mmoja ambao sheria imeuziba. Mzazi anampa mwanawe nyumba bila ushuru, mwana anaiuza mwaka unaofuata akidai kwamba aliipata ikiwa na thamani kubwa, kwa hivyo faida ni kidogo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mali iliyohamishwa bila kutozwa ushuru huu ikiuzwa kabla ya miaka mitano kwisha, gharama inayotumika ni ile ya mwenye mali wa kwanza. Kama mzee alinunua kwa laki nane mwaka 1994, ni hiyo laki nane.

Na kama kazi yako ni kununua nyumba, kuzipaka rangi na kuziuza, usijifariji na asilimia 15. Hiyo ni biashara, na mapato ya biashara yana viwango vyake, vinavyoweza kufika juu zaidi.

Pili, kusanya makaratasi kabla ya kutangaza

Hapa ndipo pesa zilipo. Sheria inakuruhusu kuhesabu kama gharama bei uliyonunulia au uliyojengea, gharama za kununua (wakili, mthamini, ushuru wa stempu, ada za kusajili), matumizi yaliyoongeza au kulinda thamani ya nyumba, na gharama za kutetea hatimiliki yako ikiwa mtu alikupeleka kortini. Upande wa kuuza, unatoa ada ya wakili, dalali, mthamini na matangazo.

Tafuta vitu hivi, na usiishie kwenye droo moja: mkataba wa mauzo wa zamani, hati ya uhamisho iliyopigwa muhuri wa stempu, risiti ya benki ya ushuru wa stempu, ankara za wakili wa wakati ule, taarifa za benki au sacco zinazoonyesha pesa zikitoka, na risiti za ujenzi. Kama wakili wako wa zamani bado ana ofisi, mpigie. Mawakili hutunza faili kwa miaka mingi na mara nyingi yeye anacho ulichokipoteza. Benki nayo inaweza kukutolea taarifa ya zamani kwa ada.

Tofautisha kuboresha na kukarabati. Kuongeza chumba, kuchimba kisima, kujenga ukuta wa uwanja au kubadilisha paa la makuti kuwa la vigae ni uboreshaji. Kupaka rangi mpangaji anapotoka, kuzibua sinki na kubadilisha kufuli ni matunzo ya kawaida, na sioni haja ya kujaribu bahati yako nayo. Na gharama yoyote ambayo ulishaitoa ulipohesabu ushuru wa mapato ya kodi ya wapangaji huwezi kuirudia hapa. Wanaolipa ule ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5 ya kodi yote hawana shida hiyo, kwa kuwa mfumo ule hauruhusu kutoa gharama yoyote.

Tatizo kubwa ni mafundi. Umejenga jikoni upya kwa laki tatu, fundi umemlipa kwa M-Pesa vipande vipande, saruji ukanunua duka la jirani, na karatasi pekee uliyonayo ni kijikaratasi cha daftari kilichoandikwa "mchanga lori 1, kokoto lori 1". Hicho peke yake hakitoshi. Kiambatanishe na taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo, picha za kabla na baada, barua ya fundi yenye jina lake na nambari ya kitambulisho, na idhini ya kaunti ya ujenzi kama ilikuwapo. Si dhamana kwamba KRA itakubali kila shilingi, lakini faili iliyopangwa hujibiwa tofauti na maneno matupu.

Sheria ya taratibu za ushuru inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Kwa nyumba, muda huo hautoshi kabisa. Nyumba hukaa miaka ishirini mkononi na risiti ya mwaka wa kwanza ndiyo itakayokuokoa mwaka wa ishirini. Piga picha, weka kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Tatu, piga hesabu

Tuchukue mfano wa fleti Mombasa iliyonunuliwa 2013 na kuuzwa mwaka huu.

Bei ya kununua ilikuwa 6,500,000. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa kuwa ni mjini, ulikuwa 260,000. Wakili alichukua 110,000 na mthamini 25,000. Baadaye mwenye fleti akajenga jikoni upya na kuweka tangi na pampu yake kwa 780,000, zote zikiwa na ushahidi. Jumla ya gharama ni 7,675,000.

Anauza kwa 11,200,000. Dalali anachukua asilimia 3, yaani 336,000, wakili 140,000, matangazo 20,000. Baada ya kutoa 496,000 hizo, thamani ya mauzo ni 10,704,000.

Faida: 10,704,000 kutoa 7,675,000 ni 3,029,000. Ushuru wa asilimia 15 ni shilingi 454,350.

Sasa mchukue mtu mwenye fleti ileile, bei zilezile, lakini aliyebaki na mkataba wa kununua peke yake. Faida yake ni 4,700,000 na ushuru ni 705,000. Tofauti ni shilingi 250,650, na hakuna kilichoisababisha ila makaratasi.

Angalia pia kisichokuwamo kwenye hesabu hii: mfumko wa bei. Shilingi ya 2013 na ya leo zinahesabiwa kana kwamba zina nguvu sawa. Sehemu ya kile kinachoitwa faida ni bei za vitu kupanda tu, na bado inatozwa. Mimi naona si haki kwa mtu aliyeshika nyumba miaka ishirini, lakini ndivyo sheria ilivyo na kulalamika mbele ya karani hakutapunguza kitu.

Ukiuza kwa hasara hulipi. Hasara hiyo huwezi kuitoa kwenye mshahara wala kwenye biashara. Inasubiri hadi siku utakapopata faida nyingine ya mtaji ndipo uipunguze hapo.

Ile bei ya kwenye karatasi

Kuna mazoea ambayo kila dalali anayajua na hakuna anayeyaandika. Nyumba inauzwa milioni sita na nusu, mkataba unaandikwa milioni nne na nusu, na zilizobaki zinapita pembeni ili mnunuzi apunguze ushuru wa stempu. Mnunuzi aliyefanya hivyo 2013 aliokoa asilimia 4 ya milioni mbili, yaani 80,000. Leo akiuza, gharama anayoweza kuionyesha ni milioni nne na nusu. Faida yake imevimba kwa milioni mbili ambazo hakuzipata kamwe, na ushuru wake umeongezeka kwa 300,000.

Kwa hivyo ikiwa mnunuzi wako wa sasa anakuomba muandike bei ndogo, mjue wote wawili mnachokifanya. Kuna mthamini wa serikali anayekagua thamani kabla ya stempu, na akiona bei haifanani na soko, stempu inalipwa kwa thamani yake yeye. KRA nayo ina uwezo wa kutumia bei ya soko mahali pa bei yenu, hasa pale muuzaji na mnunuzi wanapokuwa na uhusiano. Kutoa taarifa ya uongo kuhusu ushuru ni kosa la jinai. Andikeni bei ya kweli.

Nne, andika mkataba ukijua ushuru utalipwa lini

Hili watu hulifikia wakiwa wamechelewa. Kwa mujibu wa mabadiliko ya 2023, ushuru unapaswa kulipwa kabla au siku ya lile linalotangulia kati ya mawili: muuzaji kupokea bei yote, au uhamisho kusajiliwa. Katika mauzo ya kawaida mnunuzi analipa arubuni ya asilimia 10, kisha mnakaa kama siku 90 kutafuta vibali, hati inasajiliwa kwa jina la mnunuzi, na benki yake ndipo inatoa asilimia 90 iliyobaki. Maana yake usajili unatangulia pesa. Ofisi ya ardhi itataka kuona ushuru umelipwa, nawe asilimia 90 hujaiona.

Utazitoa wapi? Katika mfano wetu arubuni ni 1,120,000, inatosha na kubaki. Lakini arubuni kwa kawaida hushikwa na wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote mbili, na hawezi kuigusa bila mnunuzi kukubali. Basi mwambie wakili aweke kifungu kwenye mkataba tangu mwanzo kwamba sehemu ya arubuni inaweza kutolewa kulipa ushuru wa faida ya mtaji, iende moja kwa moja KRA. Mnunuzi mwenye wakili mzuri atataka kifungu cha kumlinda mauzo yakivunjika, na ana haki. Kumwomba kibali hicho baada ya mkataba kutiwa saini ni kumpa nafasi ya kukubana kwenye jambo lingine.

Wakati huohuo fuatilia vibali: idhini ya mume au mke, cheti cha kaunti cha kwamba hudaiwi ada za ardhi, cheti cha kodi ya ardhi ya serikali kama ni ardhi ya kukodisha, barua ya kampuni ya usimamizi kama ni fleti, na idhini ya bodi ya ardhi kama ni shamba. Muda mwingi wa mauzo huliwa hapa.

Tano, lipa kwenye iTax

Kazi yenyewe ni ya nusu saa ikiwa tarakimu ziko tayari. Kuwa na PIN yako (nambari ya mlipa ushuru), PIN ya mnunuzi, nambari ya hatimiliki, bei ya mauzo na jumla ya gharama zako. Ingia iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, kwa PIN yako, nenda sehemu ya malipo, chagua ushuru wa mapato kisha faida ya mtaji, ujaze maelezo ya mali na mnunuzi, uweke thamani ya mauzo na gharama. Mfumo utatoa hati yenye nambari ya malipo. Ilipe benki au kwa simu kabla haijapitwa na muda, kisha mpe wakili uthibitisho aupeleke pamoja na hati za uhamisho.

Linganisha jina lililo kwenye PIN, kwenye kitambulisho na kwenye hatimiliki kabla ya siku hiyo. Hati inasema Mwanaisha Ali, kitambulisho kinasema Mwanaisha Ali Omar, na shughuli ya wiki moja inageuka ya miezi miwili ya viapo na marekebisho.

Ukichelewa, faini ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake. Kwa 454,350 hiyo ni faini ya karibu 22,700 papo hapo.

Baada ya kulipa, KRA bado inaweza kuuliza. Ikikuandikia itake ushahidi wa gharama, jibu kwa faili lako ndani ya muda uliotajwa. Ikikutoza zaidi na hukubaliani, una siku 30 za kupinga kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatanisha hati. Swali jingine linaloweza kufuata ni la kodi ya wapangaji: nyumba uliyosema hukuishi ilikuwa ikiingiza nini miaka yote hiyo? Kama hujawahi kutangaza kodi hiyo, zungumza na mhasibu kabla ya kuuza, si baada ya barua kufika.

Mwenye nyumba akiwa ng'ambo

Mkenya anayeishi Leicester au Minneapolis akiuza fleti yake ya Ruiru analipa KRA asilimia 15 ileile. Akimtuma ndugu, hati ya uwakilishi inahitaji kuandikwa kisheria na kusajiliwa Kenya, na jambo hilo lianze miezi kabla ya mauzo.

Lakini hajamaliza. Uingereza humtoza mkazi wake kwa faida ya mali popote ilipo, na kwa nyumba ya makazi viwango ni asilimia 18 au 24 kulingana na mapato yake. Ushuru aliolipa Kenya unapunguzwa kwenye deni la kule, kwa hivyo mtu wa asilimia 24 huishia kuongeza tofauti. Nyumba ya nje ya Uingereza hutangazwa kwenye ritani ya mwaka. Ile taarifa ya siku 60 ni ya nyumba zilizo Uingereza. Marekani nayo humdai raia na mkazi wake atangaze faida ya dunia nzima, na humpa nafuu kwa ushuru aliolipa nje. Kote kuwili watataka uthibitisho wa malipo ya KRA, na hesabu yao hufanywa kwa pauni au dola kwa kiwango cha siku ya kununua na siku ya kuuza. Kwa vile shilingi imeshuka tangu 2013, faida iliyo kubwa kwa shilingi inaweza kuwa ndogo kwa dola, au hata ikawa hasara, wakati huku Kenya umelipa kamili.